Shangazi, eti mimi nimebebwa? Nani kanibeba?

Shikamoo shangazi. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana nina jambo limenikaa kooni na mama siwezi kumwambia, atasema nimeanza mambo ya kizungu.

Niko Tanga mjini, nafanya kazi kwenye kashirika kadogo sitakataja jina, tuna mradi wa afya ya mama na mtoto kwenye makambi ya mkonge huko njia ya Muheza mpaka Korogwe. Ofisini tuko wachache tu, yupo bosi, yupo mama mhasibu ni Mhindi lakini hata babu yake kazaliwa hapa hapa Tanga, dereva, mlinzi, dada wa usafi, kaka wa takwimu anatembelea magongo, alafu mimi na shoga angu mmoja ndo tunaenda wote fildi. Na sasa hivi kuna binti wa Kijerumani kaja kujitolea, mtoto mzuri tu hana makuu.

Sasa wafadhili wakatuletea semina, mwezeshaji katoka Dar, mada yake ati privileji, yaani nafuu ulizonazo bila kuzihangaikia. Asubuhi nzima tunaandika kwenye karatasi kubwa, rangi, utajiri, jinsia, dini, kabila, haya, sikuwa na neno. Mchana akatutoa uwanjani akatupanga mstari mmoja, akawa anasoma sentensi. Kama ulipokuwa mtoto nyumbani kulikuwa na umeme, songa hatua moja mbele. Kama umewahi kurudishwa shule kwa ajili ya ada au sare, rudi nyuma. Kama ukiingia hotelini mlinzi hakuulizi umemfuata nani, mbele. Kama unaweza kutembea peke yako saa tano usiku bila kuogopa, mbele, hapo wanaume wote wakaondoka sie tukabaki tunacheka. Mwisho akasema geukeni mtazamane. Mjerumani yuko kule mbele kabisa kagusa ukuta, bosi, alafu mimi. Mimi shangazi! Shoga angu yuko nyuma kabisa na dada wa usafi. Yule binti kugeuka kuona vile akaanza kulia, kilio cha kwikwi, basi mchezo ukaishia hapo tukaanza kumbembeleza yeye.

Mwezeshaji akaniuliza unajisikiaje kuwa hapo mbele, nikamwambia najisikia nimeonewa. Watu wakacheka lakini sikuwa natania. Baba kafariki nikiwa darasa la tano. Mama katulea kwa vitumbua na mikate ya kumimina, mi ndo naamka alfajiri kupika kabla ya shule, mikono ina makovu ya mafuta mpaka leo. Tunakaa Ngamiani nyumba aliyoacha babu, ile ya kizamani, korido katikati vyumba huku na huku, vingine wapangaji, mvua ya masika ikinyesha tunapanga ndoo. Hiyo ndo privileji?

Jioni tumepanda bajaji na shoga angu nikamwambia umeona upuuzi ule? Akanyamaza. Kufika karibu na reli ndo akasema, taratibu tu, "wewe umebebwa ila hujui". Nikamuuliza nani kanibeba, maneno yakazaa maneno, dereva wa bajaji anatuangalia kwenye kioo, akamalizia "hata siku ile ya Raskazone hukuona kitu" akashuka kabla ya kituo chake.

Siku ya Raskazone ni hivi, tulitoka fildi ofisi ikatupeleka kula hoteli moja ya ufukweni. Tunaingia tumefuatana, Mjerumani mbele, mimi, na yeye nyuma. Mlinzi akampigia Mjerumani saluti, mi akaniambia karibu dada, shoga angu akanyooshewa mkono, "wewe unaenda kwa nani?" Mi nishapita niko ndani namsubiri nikadhani anafunga kiatu. Niseme tu kwamba mi ni mweupe kidogo, kwa bibi tuna damu ya Kiarabu, na nilikuwa na baibui langu, yeye ni mweusi tii na alivaa kitenge na kandambili zenye vumbi la kambini. Babu yake aliletwa Tanga kukata mkonge kutoka Kigoma, kwao mpaka leo ni kambini.

Sasa lililonifanya niandike, imetangazwa nafasi ya mratibu wa mradi. Tangazo linataka digrii na Kiingereza fasaha cha kuandikia ripoti. Mi nina digrii, mkopo wa bodi bado nakatwa. Yeye ana cheti cha maendeleo ya jamii ila kazi anaijua kunishinda, anaongea Kiha, Kisambaa, Kibondei, mi nikienda peke yangu wale akina mama wananijibu ndio ndio basi. Bosi kashaniita pembeni kaniambia wewe omba, hiyo yako. Na shoga angu kashajua. Toka hapo salamu zetu ni za kazi tu.

Naomba unijibu shangazi, ni kweli nimebebwa? Niombe hiyo kazi au niache? Na Mjerumani wetu tumfanyeje maana anamuomba msamaha kila mtu mpaka mlinzi wa getini, mzee wa watu haelewi kakosewa nini. Mama mhasibu naye kanuna toka siku ile, anasema kaambiwa asonge mbele sababu Mhindi wakati babu yake alinyang'anywa nyumba 1971.

Wako, Binti wa Ngamiani.

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole ya semina.

Kabla sijafika kwako niuseme huo mchezo, siupendi, na sababu ya kwanza ni huyo kaka wa magongo. Umemtaja mara moja kwenye barua ukamwacha, na naona mwezeshaji hakumkumbuka hata hiyo mara moja, maana nani anapanga mchezo wa kusonga mbele na kurudi nyuma kwenye uwanja wa mchanga wakati mwenzenu anatembelea magongo? Mngemuuliza. Sababu ya pili mchezo ule unampa kila mtu sehemu moja tu ya kusimama, umeongeza hatua umepunguza hatua, basi jumla yako hii hapa. Binadamu hana jumla. Mtu yuleyule mlango huu anapita bila kuulizwa, mlango wa pili kafungiwa, kwa hiyo ukiniuliza nimebebwa au sijabebwa nitakuuliza kwenye mlango gani.

Haya, tuanze na mlango wa shule. Nyie mmesoma kabla ya 2016, kabla elimu haijawa bila ada mpaka kidato cha nne, sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa 20,000 kwa mwaka na michango juu yake ambayo mara nyingi ilikuwa inaizidi ada yenyewe. Vitumbua najua vilisaidia. Lakini hao wapangaji wenu mwanangu, kodi yao ilikuwa inaenda wapi? Muulize mama akuambie ukweli, mwezi ambao vitumbua vimedoda, mwezi mama kaumwa, nani alilipa? Chumba cha mpangaji kililipa. Na jioni ulikuwa unaweza kutembea kwa miguu mpaka maktaba ya mkoa, au tuisheni ya mtaa wa pili, ukarudi kwenu. Hicho Kiingereza cha kuandikia ripoti hakikuanguka kutoka mbinguni. Sisemi hukuhangaika, makovu yako nayaamini, nasema ulihangaika ukiwa chini ya bati lenu. Linavuja, ndio, lakini lenu.

Sasa hilo bati limetoka wapi. Mji huu uligawiwa kwa rangi, Wazungu wakakaa Raskazone wanapigwa na upepo wa bahari, Wahindi katikati na maduka yao, Waafrika huku ng'ambo ya reli Ngamiani, mitaa ikapewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka huko zinakoishia. Ulikuwa ubaguzi wa wazi wala hakuna aliyeuficha. Babu yako alibaguliwa pale, na hapo hapo alipobaguliwa akapata kiwanja akajenga.

Babu wa shoga ako yeye alikuja kwa mlango mwingine. Mkonge Tanga si wa asili, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf 1893, aliagiza miche Florida na iliyofika ikapona ni 62 tu, kutoka hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona. Wenyeji wa huku walikuwa na mashamba yao wenyewe, hawakuwa na haraka ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira wa kitoto, ndo wakafuatwa watu wa mbali, Kigoma, Iringa, Songea, Urundi, Msumbiji. Kufika 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao maalum ya kukusanya vibarua, SILABU, waulize wazee wa Korogwe watakuhadithia. Mtu anapewa kipande, kadi ina nafasi za siku 30, ukimaliza fungu lako la kukata siku inatiwa alama, usipomaliza hiyo siku haipo hata kama umeshinda juani, mpaka nafasi zote 30 zijae ndo unaona mshahara. Na nyumba ya kambi ni mali ya shamba. Umezeeka, mgongo umegoma, nyumba ya watu unaiacha. Ukitaka kurudi Kigoma umeshapotezana na ndugu, ukibaki huna pa kujenga. Kwa hiyo hawa babu wawili mkoloni wao mmoja, ila mmoja kafa kaacha vyumba vya kupangisha. Mwingine kafa watoto wake wanaomba kuendelea kukaa kambini.

Alafu muulize shoga ako siku alipoenda kuomba kitambulisho cha NIDA ilikuwaje. Watu wenye asili ya Kigoma hili wanalijua vizuri, babu kazaliwa wapi, bibi kazaliwa wapi, mbona jina hili linafanana na la Burundi, kamlete mzee athibitishe. Wewe sidhani kama ulikumbuka hata kuogopa.

Na hapo Raskazone, hukufanya kosa lolote, mlinzi ndo aliyechagua. Rangi kidogo, baibui safi, umefuatana na Mzungu, akapiga hesabu zake kwa sekunde moja. Lakini ndo nafuu nyingi zilivyo, hazikushiki bega kukuambia nimekusaidia, wewe unapita tu unaendelea na safari. Anayezuiwa ndo anauona mlango. Yeye hata sasa ukimuuliza atakuambia yule mlinzi alivaa shati gani, wewe ulidhani anafunga kiatu.

Sisi wa pwani tuna letu zaidi ya hilo wala tusijifanye hatulijui. Mjerumani alipofungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890, vijana wa hapa waliotoka pale ndo wakawa makarani na maakida, wakapelekwa bara kukusanya kodi na kusimamia watu walime pamba ya mzungu. Ndo maana Maji Maji ilipolipuka 1905 maakida wa pwani walikuwa kati ya watu wa kwanza kuwindwa. Ulikuwa chini ya Mjerumani, na juu ya Mmatumbi, siku hiyo hiyo moja. Na ukae kwenye harusi za mjini hapa usikilize mabibi wanavyonong'ona, yule bwana harusi si muungwana, wazee wao walikuwa watumwa wa kina fulani. Biashara ya watumwa imekufa zaidi ya miaka mia, harusi bado zinavunjika. Sasa mwezeshaji wa Dar hilo hakuliweka kwenye sentensi zake kwa sababu karatasi zake zimeandikwa kwa ajili ya Mzungu na Mweusi, lakini huku kwetu mambo mengi yanatokea katikati yetu wenyewe, mweusi na mweusi.

Mama mhasibu nitampitia haraka. Anasema kweli. 1971 serikali ilitunga sheria ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakawa ya Wahindi, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na familia nyingi zikafunga virago zikaondoka nchini. Yaliuma. Lakini na mwezeshaji hakutunga, enzi za Mwingereza shule zilikuwa aina tatu, za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na mishahara kwa rangi vile vile, zimekuja kuunganishwa baada ya uhuru. Nyumba ilichukuliwa, hesabu za biashara walizofundishana vizazi na vizazi hazikuchukuliwa. Na huyo huyo mama, babu yake kazaliwa Tanga, akienda sokoni kugombana bei ya nyanya mtu anamwambia rudi kwenu, neno ambalo wewe mwenye bibi Mwarabu hujawahi kuambiwa. Mwacheni anune kidogo, ana haki, ila akimaliza mumuulize ilikuwaje, hiyo hadithi ya nyumba ya 1971 ina faida kuliko semina nzima.

Turudi kwa shoga ako maana kuna kitu sijamaliza. Miradi yenu hii inapenda sana kuandika kipaumbele kwa wanawake. Sawa, ndani ya ofisi yenu anayefaidika na hilo ni nani? Wewe, mwanamke wa mjini mwenye digrii. Alafu wanaandika kipaumbele kwa jamii ya makambi. Kule wanaoitwa kwenye vikao na kusaini posho ni akina nani? Wanaume, wanyapara na wenyeviti. Mwanamke wa kambini anadondokea hapo katikati, na ofisi ikiulizwa inasema mbona wanawake tunao, mbona watu wa kambi tunao. Marekani hili lilifika mpaka mahakamani. Wanawake weusi watano waliishtaki General Motors kwa kiwanda chake cha St. Louis, kampuni haikuwa inaajiri wanawake weusi kabla ya 1964, mambo yalipokuja kuwa magumu ikapunguza watu kwa kufuata nani kaingia mwisho, waliotangulia kutoka unawajua. 1976 jaji akakataa kuwaunganishia madai ya rangi na ya jinsia, wanawake si wameajiriwa? Wameajiriwa ndio, weupe. Weusi si wameajiriwa? Ndio, wanaume. Mwaka 1989 profesa wa sheria Kimberlé Crenshaw akaichambua kesi hiyo kuonyesha kwamba mtu anaweza kubanwa na mawili kwa mpigo na kila moja peke yake lisionekane. Mi nikiisoma namuona shoga ako na tangazo lenu la kazi.

Na hapo kwenye tangazo ndo nataka unisikilize vizuri. Nyumba ya babu hukuichagua, rangi hukuichagua, hakuna wa kukudai msamaha kwa hayo na ukiuomba utakuwa Mjerumani wa pili hapo ofisini. Lakini bosi kukuita pembeni akakuambia omba hiyo yako, kabla barua za watu hazijafunguliwa, hiyo si historia mwanangu, hiyo ya mwezi huu. Nina hakika hilo ndo limemuuma kuliko mstari wa uwanjani. Mstari ulimwambia kitu anachokijua toka utotoni, bosi kamwambia hata miaka yake yote ya kutembea kambini haihesabiki, sawasawa na ile siku ambayo babu yake hakumaliza fungu.

Kazi uiombe. Usiniletee habari ya kuacha ili roho isafike, ukiiacha hawampi yeye, watamleta mtu kutoka Dar ana digrii mbili na hajui hata Muheza ni kabla au baada ya Korogwe. Ila iombe mchana kweupe. Kwanza kabla ya bosi nenda kwa shoga ako, umwambie kuna maneno nataka kumpelekea bosi kuhusu hili tangazo na sitaki kusema chochote juu yako nyuma ya mgongo wako. Akikuambia niache, mwache, yeye si mtoto wa kuombewa. Akikubali basi mwende wote au uende mwenyewe useme hivi: bosi, ulichoniambia pembeni sikitaki, nataka usaili wa kweli, na tangazo libadilishwe liseme digrii au uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, na ripoti iruhusiwe kuandikwa Kiswahili alafu itafsiriwe. Hao akina mama wanaongea Kiswahili na Kiha, fildi yote inafanywa kwa Kiswahili, Kiingereza kinahitajika mwisho kabisa kwa ajili ya macho ya mfadhili, sasa kwanini kiwe ndo geti la mbele? Kutafsiri anaweza kutafsiri hata huyo binti anayelia na wewe mkishirikiana. Akikataa kubadilisha, usaili ukaupata wewe, basi kabla ya kusaini ongea habari ya cheo chake na mshahara wake kwa maandishi, msimamizi wa fildi, si msaidizi wa mratibu, maana ninavyozijua ofisi hizi yeye ataendelea kukutafsiria akina mama na wewe utaendelea kuandika ripoti kwa jina lako. Na akiupata yeye, utafanya kazi chini yake bila kununa, hilo nalo ujipime kabla.

Kuongea naye. Usiende na vitumbua wala zawadi, na usianze kumhadithia ya baba yako, anayajua yote, shoga yako huyo. Muulize tu siku ile getini mlinzi alikuambia nini baada ya mi kupita. Alafu nyamaza. Atasema na mengine, utasikia yanakuchoma, mdomo utataka kusema lakini na mimi, uuzuie huo mdomo kwa siku hiyo moja. Siku nyingine atakusikiliza na wewe, maana yapo ambayo yeye anapita na wewe unazuiwa, umeniandikia mwenyewe kambini ukienda peke yako unajibiwa ndio ndio. Nimegundua pia hukusema kama ana wazazi wote wawili. Kama anao, basi kwenye mlango huo wewe ndo uko nje, na wala hamtakiwi kupima nani zaidi.

Binti wa Kijerumani mpeni chai na kazi. Machozi yake hayamfikishi dada wa usafi popote, tena mlimbembeleza yeye mkawaacha walioko nyuma wamesimama juani. Mwambie hivi: yeye akitaka kuja kutembea Tanzania analipa dola 50 za viza anaingia. Shoga ako akitaka kwenda Ujerumani hata kwa wiki mbili ni euro 90, hazirudi hata akinyimwa, karatasi za benki, barua ya mwaliko, bima ya euro 30,000, na safari ya Dar kupeleka alama za vidole. Sasa shirika lililomtuma yeye huku si lina pesa za kubadilishana vijana? Akaulize kwanini kubadilishana kwenyewe ni wao kuja tu. Aandike hiyo barua kwa Kijerumani chake, aulize nani ataalikwa kwenda kule, viza italipwa na nani, na kwanini fomu zao za ripoti hazina Kiswahili. Hiyo ndo nguvu aliyonayo yeye na nyie hamna, wakisoma jina lake watamjibu. Na yule mzee wa getini aache kumuomba msamaha, amuulize mshahara wake unatoka tarehe ngapi, mi kwa uzoefu wangu walinzi wa mashirika haya wanacheleweshewa kuliko wote.

Kaka wa takwimu sijamsahau. Ofisi yenu ina ngazi? Vyoo viko wapi? Muulizeni yeye, msimkisie, na mkimpata huyo mwezeshaji kwenye simu mumwambie na yeye.

Hujaniambia tangazo linafungwa lini. Kama ni wiki hii, basi shoga ako umuone leo leo jioni akitoka kazini, usimtumie meseji, na bosi umuwahi kesho asubuhi kabla hajaondoka kwenda fildi.